Kiskoti cha Ghorofa ya Tisa

Haya aliniambia mjukuu wangu Velma, Ijumaa iliyopita, kwa simu kutoka Doha, huku akicheka mpaka akapaliwa.

Bwana Rodney, msimamizi wa jengo wanalofanyia kazi kule mtaa wa The Pearl, alisimama ukumbini, kofia imemshuka hadi masikioni.

"Nikipaka nywele rangi, nisipopaka, zinamhusu nani? Anayezisema nikimpata, anapanda ndege arudi kwao!"

Velma akatazama sakafu. Ni yeye aliyezisema. Lakini alimwambia Hadijah peke yake, msafishaji wa ghorofa ya tisa.

"Ni Job," Hadijah akanong'ona kwenye lifti. "Yule bawabu masikio yake ni kama masufuria. Na Kiswahili anatushinda."

Dawa, lugha asiyoijua Job, ilikuwa kazini kwa Velma, ghorofa hiyo hiyo. Velma alikuwa akimtunza Bibi Hannah, Mskoti wa miaka themanini na miwili, mwalimu mstaafu. Tangu Ramadhani, kila siku baada ya chai, alimfundisha Velma neno moja la porojo za kwao. Blether, kupiga soga. Claik, kuteta watu. Clype, mchongezi.

"Sasa nitungie sentensi, mwanangu. Ya watu wa kweli, kwa majina. Neno bila mtu halikai kichwani."

Velma akatunga. Bibi akasahihisha kwa subira, akaomba nyingine, kisha akamtuma akatupe taka ili yeye apumzike.

Basi wiki nzima Velma na Hadijah wakateta kwa maneno hayo. Job akipita, wanakunja midomo: "Clype huyo!"

"Salama, dada zangu?" Job anajibu, anakwenda zake.

Alhamisi asubuhi Bwana Rodney akatokea hana kofia. Wala nywele.

Jioni akafoka: "Haya, nimenyoa! Na bado kuna mtu anasema kipara changu kinamulika lifti! Jumapili nawahoji mmoja mmoja!"

"Wee! Job kasomea wapi Kiskoti?" Hadijah akashika kiuno.

Velma hakungoja. Alipanda juu roho mkononi, amwombe Bibi amtetee kabla hajafungishwa mizigo. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo. Bibi Hannah alikuwa kitandani, macho amefumba, simu ya kupigia ukumbini sikioni.

"Hapana, Rodney, la kipara ndilo la leo. La kesho ni baada ya chai. Na jina sikutajii ng'o, mimi si clype."

Akakata simu, akavuta shuka, akalala fofofo.