Kamba ya Rukia

"Umepunguza mwendo tena!"

"Mafuta machafu, dada."

"Na hayo mafuta yanajuaje kwamba nataka kuruka?"

Kombo bado kaushika usukani wa boti. Rukia kasimama kwenye maji ya magotini, ubao wake wa kutelezea juu ya maji kaubana kwapani. Mashindano ni kesho, na boti isipomvuta kwa kasi hawezi kupinduka hewani.

"Juzi uliruka ukaanguka, ukazimia majini," Kombo akasema. "Mimi ndiye niliyekuopoa."

"Nilishakushukuru, kaka."

Rukia akafungua kamba yake ya kuvutwa nyuma ya boti, akaikunja taratibu, akaitundika begani. Upande wa pili wa gati Shebe, mwendesha boti mwingine, alikuwa anawasha injini. Shebe hampunguzii mtu mwendo.

"Rukia!" Kombo akaita.

Rukia akageukia upande wa Shebe, akaanza kutembea kuelekea kule, kamba inamchuruzikia maji mgongoni.