Kila Akipanda, Masalu Anafungua Mkanda

Simu ilipiga kelele tena. Mama Joyness hakuhitaji hata kuitazama.

"Masalu!" alifoka, akizidi kupanda ngazi ya jukwaa. "Huyu kijana ataniua kwa presha."

Yeye ndiye msimamizi wa usalama katika jengo hili la ghorofa nne, hapa Bariadi mjini. Kampuni ilikuwa imeleta mfumo mpya: mkanda wa kila fundi una chipu, na fundi akifungua ndoano akiwa juu, simu ya Mama Joyness inalia na jina lake linatokea kwa rangi nyekundu. Mafundi wote walishazoea kujifunga. Wote isipokuwa mmoja.

Tena huyo mmoja ana vituko vyake. Mama Joyness akikaa chini ofisini, simu inanyamaza asubuhi nzima. Akipanda tu kukagua, Masalu anafungua mkanda na kutokomea. Mara kajibanza nyuma ya nguzo, mara kavuka ubao mwembamba kwenda upande wa pili, na chini yake nondo zimesimama wima. Watu hufanya ukaidi bosi akigeuka. Huyu anangoja bosi afike! Kama hiyo si dharau, basi dharau haipo duniani.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba mwezi uliopita Masalu alikuwa mfano wa kuigwa. "Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama huyu kwa Kisukuma kila asubuhi, kisha akawahimiza wenzake wafunge mikanda. Sasa hata salamu hakuna. Akiitwa ofisini, anamtuma Nyanda, fundi mwenzake na mtoto wa baba yake mdogo, aje kumwombea radhi.

Mama Joyness alifika ghorofa ya tatu akihema. Alimwona Masalu mgongo tu, akivuka ule ubao mbio, mkanda ukining'inia.

Mguu uliteleza.

Masalu alidaka bomba la jukwaa, miguu ikapiga hewa. Mafundi wawili wakamkamata mikono na kumvuta ndani. Mama Joyness alijikuta ameshika kifua, machozi yanamlengalenga. Na hata pale, akiwa amekaa chini, yule kijana aligeuzia uso ukutani asimtazame.

"Basi!" Mama Joyness alisema. "Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Akusanye vifaa vyake aondoke leo hii. Bora anichukie akiwa hai."

Nyanda aliweka mwiko chini, akapiga goti kwenye vumbi la saruji.

"Mayu, usimfukuze. Hajakudharau hata kidogo. Wewe mwenyewe unajua kwetu mwanaume hasimami uso kwa uso na mama mkwe wake."

"Mama mkwe wa nani?"

Nyanda aliinamisha kichwa.

"Jumapili wazee wetu wanakuja kwako, mayu. Wanakuja kumposa Joyness."