Bonge la Penalti

Katapila lilikuwa likikwangua nyasi za uwanja wa mpira ili zitandikwe za bandia. Rozina aliinua jembe, dereva akasimama.

“Beba zote, mama. Tunaenda kuzitupa.”

“Nataka pale kwenye penalti tu.”

Hapo ndipo mwanawe alipokosa, kwenye fainali ya mkoa. Mji mzima ulimzomea. Alivuka mpaka pale Kasesya akaingia Zambia, na hajarudi tena.

Rozina alikata bonge la nyasi na udongo wake, akalibeba hadi shambani, chokaa bado nyeupe juu yake. Aliligeuza nyasi zikakaa chini zioze, kama tufanyavyo Ufipa kwenye matuta, kisha akapanda maharage.

Alijifuta udongo mikononi, akampigia mwanawe simu.

“Rudi, baba. Pale nimeshapalima.”