Dirisha la Chiriku

Dirisha lilikuwa limetanuka tena.

Mama Chiriku alikaa mbele ya kompyuta ya marehemu binti yake, miguu ikining'inia bila kugusa sakafu, akaitazama skrini huku machozi yakimlengalenga. Folda ya picha ilikuwa imejaa skrini nzima, picha kubwa kubwa. Na jana tu alikuwa ameirudisha kama mwanawe alivyoizoea: dirisha jembamba, limebanwa kushoto, picha ndogo kama mbegu za tikiti, ili upande wa kulia apate nafasi ya kuandikia.

"Umeona?" alimwambia fundi wa kompyuta, mwanamke mnene mwenye kucheka hata pasipochekesha. "Nalipanga vizuri, nalifunga. Kesho yake limeshasahau."

Akapapasa chini ya kiti, akavuta kishikio, kiti kikashuka kwa mlio wa pumzi. "Na hiki nacho kimekufa. Kila nikija nakikuta juu."

"Viti vibovu hushuka, dada," fundi alicheka. "Cha kupanda chenyewe ndiyo kwanza nakiona kwako."

"Basi nyumba ina mashetani. Hata spika hujizima."

Fundi alitaka kucheka tena, ila macho yakaangukia mlangoni. Palikuwa na begi kubwa, zipu imefungwa, koti limelazwa juu yake.

"Kuna safari?"

"Naenda kwa dada yangu. Sirudi." Mama Chiriku alilisema hilo kwa sauti kavu, kama mtu anayetaja bei. "Na mashine naondoka nayo. Nitengenezee kwanza, nisifike nayo huko ikiwa imeshamsahau mwanangu kabisa. Mmoja wa kumsahau ananitosha."

Huyo mmoja alikuwa mumewe. Mchomelea vyuma, pande la mtu, mrefu wa kuinama kila mlango, macho yameliwa na cheche mpaka bei ya sukari husomewa na muuza duka. Tangu mazishi hajatamka jina la mtoto. Picha za ukutani alizishusha mwenyewe. Mkewe akilia, yeye hutoka nje. Siku alipoombwa wakae pamoja waitazame ile video ya Chiriku akicheza na kucheka jikoni, alijibu, "Mwache mtoto apumzike," akavaa viatu. Loh! Baba gani huyo?

"Moyo wake nao kauchomelea," Mama Chiriku alimwambia dada yake kwa simu. Usiku yeye humeza vidonge vya hospitali ndipo usingizi umchukue. Mumewe hujilaza tu, kageukia ukuta, kama vile hakuzaa.

Fundi alianza kazi. Alifuta mipangilio yote ya madirisha, akaianza upya. Akalifanya dirisha jembamba, akalifunga, akalifungua. Akazima mashine, akaiwasha. Dirisha likarudi jembamba, limebanwa kushoto, halikusogea hata unywele.

"Dada, mashine yako nzima," alisema hatimaye. "Dirisha hushika vile alivyoliacha mtu wa mwisho kulifunga. Nani mwingine anaigusa?"

"Nani tena? Tumebaki wawili, na mwenzangu hata pa kuiwashia hapajui."

Fundi alilitazama begi, kisha akakitazama kiti. Safari hii hakucheka.

"Nikuombe kitu kimoja. Lala hapa leo tu. Kesho, kabla hujagusa chochote, kaa kwanza."

"Nikae nifanye nini?"

"Kaa tu, dada yangu."

Jioni mume alirudi, akaliona begi mlangoni.

"Unasafiri?"

"Kesho."

"Sawa," alisema. Basi. Akanawa, akala bila kuinua uso, akaenda kugeukia ukuta wake. Mama Chiriku alilia chini chini kwa uchungu na hasira, akameza vidonge, akalala. Hata kubembelezwa hakubembelezwa!

Asubuhi mume alikuwa ameshakwenda kazini. Mama Chiriku aliingia chumbani kwa binti yake na boksi la kufungia mashine kwapani. Alikumbuka ombi la yule fundi mcheshi, akaguna, akakaa.

Miguu ikaning'inia.

Kwa mazoea akapeleka mkono chini ya kiti. Ukaishia njiani. Jana kiti hiki alikishusha mwenyewe, fundi akiona. Akaitazama miguu yake mifupi, akaitazama sakafu iliyokuwa mbali nayo, sakafu ambayo katika nyumba hii ingefikiwa na miguu ya mtu mmoja tu.

Akaiwasha mashine, akafungua folda. Dirisha lilijaa skrini nzima, picha kubwa kubwa, za macho yasiyoweza kusoma bei ya sukari. Akaibonyeza video ya jikoni. Chiriku akacheza, akacheka, kinywa wazi, bila sauti. Spika ilikuwa imezimwa, kama azimavyo mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala chumba cha pili.

Mama Chiriku aliliacha dirisha lilivyo. Kiti nacho akakiacha kilivyo, akaenda jikoni kuleta cha pili, akakiweka kando yake. Spika ndiyo pekee aliyoigusa: aliifungua mpaka mwisho.