Hitilafu ya Muuza Maua

Kengele ya hitilafu ililia, na Szu-ying akaruka kutoka kitini akichekelea.

"Ni yule muuza maua tena!" alisema, kofia ya pikipiki tayari kichwani.

Bo-han, mwenzake katika kikampuni chao cha watu wawili pale mjini Tainan, Taiwan, alicheka mpaka akapaliwa na chai. Programu yao ya kuagizia chakula cha mchana, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya JavaScript, haikuwa na seva yake, yaani kompyuta yake ya kuiendesha muda wote. Agizo likija, kipande cha msimbo, yaani mistari michache ya programu, kiliamka kwenye kompyuta za kukodi mtandaoni, kikafanya kazi, kikalala tena. Kikikosea, kilikufa kimya na siri yake. Ndiyo maana wiki ile Szu-ying aliweka kifuatiliaji cha makosa: kosa likitokea tu, kengele inalia na jina la mteja linajitokeza.

Wateja wengine wote walikuwa wanakula bila shida. Aliyekwama ni Bwana Tsai wa duka la maua peke yake, kila siku, saa ya chakula.

"Dada, huyo anafanya makusudi," Bo-han alisema. "Ameshajua akiharibu, unampelekea wali kwa mkono wako."

"Acha umbea! Nisipompelekea atahamia kwa wengine." Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Basi ngoja niitengeneze mimi."

"Usiguse!"

Akatoka mbio na mfuko wa wali wa nyama, na chai ya barafu vikombe viwili.

Bo-han hakuvumilia. Akampigia simu muuza maua.

"Bwana Tsai, sema kweli. Programu yetu unaifanya nini?"

"Mimi? Nabonyeza 'agiza' tu, ndugu yangu, kama watu wengine! Msinifungie, tafadhali." Sauti ikashuka. "Na… yule dada, leo anakuja?"

Bo-han akapiga meza kwa kicheko. Amemnasa! Sasa alitaka ushahidi wa kumtania nao Szu-ying mwaka mzima. Akafungua kifuatiliaji, akabofya kosa la siku hiyo, nacho kikampeleka moja kwa moja kwenye mstari wa msimbo uliolizaa.

Mstari wenyewe ulikuwa mzima kabisa: mteja akiwa Tsai, kataa agizo, piga kengele. Pembeni yake kulikuwa na jina la aliyeuandika: Szu-ying.