Simu ya Saa Sita Mchana

Barua ilikuwa nzuri sana. Ilianza kwa heshima na taadhima, kichwa chake kimepigiwa mstari, ikashukuru kwa nafasi ya kazi, ikasikitika kuikataa "kwa sababu za kifamilia". Chini lilikuwepo jina la binti. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: hakuiandika yeye.

Ilikuwa ya tatu ndani ya mwaka mmoja. Zote zilitoka kwenye barua pepe yake mwenyewe, na zote zilifutwa zikishatumwa. Mbili za kwanza alizisikia tu kwa waajiri; hii aliiona kwa sababu daktari mkuu wa maabara ya meno aliyetaka kumwajiri, mwanamke asiyependa mchezo, alimrudishia, kisha akampigia.

"Ulinibembeleza nikupe kazi. Nimekupa, sasa unanikataa?"

"Si mimi, daktari. Kuna mtu ameingia kwenye akaunti zangu."

"Basi barua pepe zako siziamini tena. Ijumaa, saa sita kamili mchana, nitakupigia kwa namba hii hii. Useme ndiyo au hapana kwa mdomo wako. Usipopokea, nampa mwingine."

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutengeneza meno ya bandia, kazi aliyoifanya kila siku, lakini katika mji mwingine na kwa mshahara wa kutosha kumlipa mtu wa kumtunza mama. Miaka minne sasa mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, na binti ndiye aliyekuwa miguu yake. Alimwamsha, alimbeba, alimwogesha, akakimbia kazini, akarudi mchana kumlisha, akakimbia tena. Alimpenda mama yake. Pia alikuwa anakosa hewa. Kuna siku alijifungia chooni dakika tano bila haja yoyote, akitafuta tu mahali ambapo hataitwa. Akaitwa humo humo.

Aliyemshuku alikuwa mmoja: mchumba wake wa zamani. Ndiye aliyemfungulia ile barua pepe, na siku walipoachana aliapa mbele ya watu, "Mji huu hutoki." Hasira haikumkumbusha kwamba bwana huyo hajawahi kuandika mistari miwili bila makosa.

Jumatano alikwenda kwa fundi simu, jamaa mnene mwenye maneno mengi.

"Neno la siri ndiyo tarehe yako ya kuzaliwa?" Fundi alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Dada, umefunga mlango ukaacha ufunguo kwenye kitasa."

Akambadilishia kila kitu. Maneno mapya ya siri. Programu asizozijua, nje. Vifaa vyote vilivyowahi kuingia kwenye akaunti, nje. Akaweka kufuli la alama ya kidole, na mwisho akapanga kwamba akaunti yoyote isifunguke bila tarakimu zitakazotumwa kwenye namba yake.

"Sasa hata mimi siingii," fundi alisema. "Labda mtu awe na laini yako. Ni ya siku nyingi?"

"Tangu nikiwa kidato cha pili."

"Basi ishikilie hivyo hivyo."

Alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu aliimba jikoni. Mama, aliyekuwa karani katika ofisi za watu kwa miaka thelathini, alimsikiliza huku akifuta miwani.

"Keshokutwa saa sita mchana wananipigia, mama. Yule mshenzi safari hii kanoa."

"Nenda, mwanangu. Mimi hata kufa peke yangu nitaweza." Mama akatabasamu. "Natania bwana. Hebu nisogezee huo mto."

Binti akausogeza mto, akajichukia kwa furaha aliyokuwa nayo.

Ijumaa, saa tano kasorobo, mikono yake ikiwa imejaa nta, aliona simu haina mtandao. Akaizima, akaiwasha. Akaitoa laini, akaipangusa, akairudisha. Wapi! Aliacha meno ya mteja mezani bila fizi, akatoka mbio na koti la kazini mpaka ofisi ya kampuni ya simu, akakuta foleni ya watu kumi na wanane.

Alipofika dirishani ilikuwa saa sita kasoro dakika tatu.

"Laini haina tatizo, dada," mhudumu alisema baada ya kuangalia kompyuta. "Imehamishiwa kwenye kadi nyingine leo asubuhi. Mwenyewe alisema kadi yake imepotea."

"Mwenyewe ni mimi! Huyo ni kijana mrefu, tapeli. Ikate sasa hivi!"

"Siwezi. Ameweka kidole gumba na kimekubali."

Aliomba simu ya mtu aliyekuwa nyuma yake, akaipiga namba yake mwenyewe. Namba ilikuwa inazungumza na mtu mwingine. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika moja.

Mhudumu akamwonea huruma, akamgeuzia kioo cha kompyuta.

"Si kijana. Ni huyu hapa. Laini imesajiliwa kwa jina lake tangu mwanzo. Nadhani wakati huo wewe hukuwa na kitambulisho."

Binti aliitazama picha ya mama yake. Hata hapo akili yake ilitafuta mtu mwingine wa kumlaumu.

"Nani alimleta?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Nani alimsukumia kiti?"

"Kiti gani, dada?" Mhudumu alishangaa. "Alikuja peke yake. Hapa ni ghorofa ya tatu na lifti mbovu tangu Jumatatu, lakini yule mama alipanda ngazi zote hizo wala hakuhema."