Watoto wa Mtaa wa Kambamiti

Bi Somoe alikwenda kumtembelea bintiye, Mwanahawa, katika mtaa wa mabwawa ya kambamiti. Huko sheria ilimtaka kila mkazi anywe asidi ileile inayotiwa kwenye chakula cha kambamiti, asije akawaambukiza maradhi. Na Bi Somoe alinyweshwa langoni, akakunja uso.

Ndani alimkuta mjukuu wake, Shali, amenawiri, hajapata homa tangu azaliwe. Akampakata kwa furaha, akamtolea vitumbua.

“Kula, mume wangu.”

Mtoto akaonja, akatema. “Havina uchachu, bibi.”

Bi Somoe akamgeukia bintiye. “Nipe nikae naye shamba japo likizo hii, ale chakula cha watu.”

“Haiwezekani, mama,” Mwanahawa akajibu, macho chini. “Jirani aliwatoa wanawe. Wakakosa asidi, na homa ya kwanza ikawachukua wote.”

Bi Somoe akazidi kumkumbatia mjukuu wake. Mara kengele ya lishe ikalia. Shali akamponyoka, akakimbilia ukingoni mwa bwawa, ambako watoto wa mtaa mzima walikuwa wamekwisha kujipanga, vinywa wazi, wala hakuna hata mmoja aliyekuwa akicheka.